Kusomea Nadharia ya Mitandao ya Kijamii: Taaluma Isiyo na Idara Yake

Mwambie mtu unatafuta chuo cha kusomea nadharia ya mitandao ya kijamii, atakuuliza kama unataka kazi ya kuendesha kurasa za kampuni huko Facebook. Usimlaumu. Kwa Kiswahili cha siku hizi "mitandao ya kijamii" ni Facebook, Instagram, X na jamaa zao, na ukiyaandika maneno hayo pamoja na neno "uzamili" kwenye intaneti, utaletewa shahada za mawasiliano ya kidijitali na masoko ya mtandaoni. Huenda ni masomo mazuri. Lakini aliyekuja kutafuta nadharia ameshapotea njia kabla hajavuka kizingiti.

Nadharia yenyewe ni kongwe kuliko intaneti. Mwaka 1954 mwanaanthropolojia Mwingereza John Barnes alichapisha makala kuhusu Bremnes, parokia ya wavuvi kisiwani huko Norway. Aliona kwamba maisha ya pale yamepangika kwa namna tatu. Kuna eneo lenye mipaka na utawala wake. Kuna kazi, hasa uvuvi na vyombo vyake. Halafu kuna kitu cha tatu kisicho na mpaka wala mkubwa: udugu, urafiki na kujuana, ambako kila mtu ana watu wake, na watu wake nao wana wao, mpaka kisiwa kizima kikafungamana. Hicho cha tatu ndicho alichokiita mtandao. Kiswahili kinamuunga mkono vizuri kuliko alivyotarajia, maana mtandao kwetu ni kitu kilichotandaa, na utando wa buibui hauko mbali.

Wazo la msingi ni jepesi kulisema, zito kulifanyia kazi. Badala ya kuanza na sifa za mtu (umri, elimu, kipato), unaanza na viungo vyake: anamwendea nani akitaka ushauri, anamkopesha nani, hasemeshani na nani. Kisha unatazama umbo zima la viungo hivyo, ukidai kwamba umbo hilo linaeleza mambo ambayo sifa za mtu mmoja mmoja haziwezi kuyaeleza. Vuli ya mwaka 1932, katika shule ya wasichana ya Hudson katika jimbo la New York, wasichana 14 walitoroka ndani ya wiki mbili, kiwango kilichokuwa mara 30 ya kawaida. Daktari wa akili Jacob Moreno, akisaidiwa na Helen Jennings, alichora ramani ya nani anapendana na nani, akasema utoro ule haukutokana sana na tabia ya msichana huyu au yule. Ulifuata njia za mahusiano, ambazo wasichana wenyewe huenda hawakuzijua.

Sasa tazama waasisi hao: mmoja mwanaanthropolojia, mwingine daktari wa akili. Hapo ndipo kiini cha tatizo la mwanafunzi anayetafuta chuo.

Kwa nini hakuna mlango wenye jina hilo

Taaluma hii haikuzaliwa nyumba moja. Wanaanthropolojia walikuwa na tawi lao. Wanasaikolojia walipima vikundi vidogo maabarani. Wanahisabati walileta nadharia ya grafu, yaani hesabu ya nukta na mistari inayoziunganisha. Kisha Harrison White, aliyekuwa na shahada ya uzamivu ya fizikia kutoka MIT kabla hajachukua ya pili ya sosholojia huko Princeton, alifika Harvard mwaka 1963 akaanza kufundisha kizazi kilichokuja kuibadilisha sosholojia ya Marekani. Miongoni mwa wanafunzi wake walikuwamo Mark Granovetter, Barry Wellman, Ronald Breiger, Peter Bearman na Kathleen Carley. Wellman ndiye aliyeanzisha mwaka 1977, akiwa Toronto, chama cha kimataifa cha wachambuzi wa mitandao kinachojulikana kwa kifupi INSNA. Mwaka uliofuata Linton Freeman akaanzisha jarida la Social Networks.

Miaka ishirini baadaye wanafizikia wakaingia kwa kishindo. Mwaka 1998 Duncan Watts na Steven Strogatz walichapisha katika jarida la Nature modeli ya "dunia ndogo", yaani hali ya watu wowote wawili kutenganishwa na viungo vichache tu, na mwaka 1999 Albert-László Barabási na Réka Albert wakatoa katika jarida la Science maelezo ya kwa nini mitandao mingi ina vifundo (watu au vitu vilivyounganishwa) vichache vyenye viungo vingi mno. Baadhi ya wanasosholojia walinuna, na si bila sababu: Stanley Milgram alikuwa ameishaandika kuhusu tatizo la dunia ndogo mwaka 1967, na wageni walijiona kama waliogundua nchi isiyo na wenyeji. Ugomvi huo umepoa, lakini umeacha alama katika majina ya programu. Ukiona "sayansi ya mitandao", mara nyingi uko upande wa wanafizikia na watu wa kompyuta. Ukiona "uchambuzi wa mitandao ya kijamii", uko zaidi upande wa wanasosholojia, wanaanthropolojia na watu wa usimamizi.

Kwa hiyo anayefungua orodha ya idara za chuo akitafuta "Idara ya Mitandao ya Kijamii" ataondoka mikono mitupu karibu kila mahali, hata katika vyuo ambavyo somo lenyewe linafundishwa kwa kiwango cha juu kuliko kwingine. Limekaa ndani ya sosholojia, shule ya biashara, afya ya jamii, mawasiliano, takwimu au uchumi. Kila nyumba ina adabu zake, lugha yake na soko lake la ajira, na hilo la ajira watu hulisahau. Mwenye uzamivu wa mitandao kutoka shule ya biashara ataomba kazi katika shule za biashara, na wa sosholojia katika idara za sosholojia, hata kama tasnifu zao zinafanana kama pacha.

Nadharia ipi hasa?

Kabla ya kutafuta mahali, inafaa mtu ajiulize anataka nini hasa. Watu wengi husema wanataka "nadharia" huku wanachokitaka ni mbinu za kuchora na kupima, au kinyume chake.

Mwaka 2011 Stephen Borgatti na Daniel Halgin walichapisha makala iliyotenganisha vitu viwili vinavyochanganywa. Kuna swali la mtandao unaleta nini: ukikaa hapa kwenye mtandao, unapata nini au unapatwa na nini? Na kuna swali la mtandao unatoka wapi: kwa nini huyu ameungana na yule, na kwa nini umbo limekuwa hivi?

Mfano bora wa swali la kwanza ni kazi ya Granovetter ya 1973 kuhusu nguvu ya mahusiano hafifu. Alizungumza na watu waliobadilisha kazi katika mji wa Newton, Massachusetts. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara wakati huo, asilimia 55.6 walionana naye mara chache, na asilimia 27.8 kwa nadra sana. Rafiki wa karibu anajua yale unayoyajua wewe. Mtu wa mbali anatoka kwenye duara lingine. (Makala hiyo ilikuwa imekataliwa na jarida moja kubwa mwaka 1969. Anayeanza safari hii aliweke hilo akibani.) Katika mstari huohuo Ronald Burt aliandika mwaka 1992 kuhusu mianya ya kimuundo: anayefaidi ni yule anayesimama kati ya makundi mawili yasiyojuana.

Swali la pili limekwenda kwenye takwimu nzito. Chukua vijana wanaovuta sigara. Wavutaji huwa marafiki wa wavutaji, hilo halina ubishi. Lakini je, kijana alivuta kwa sababu rafiki yake anavuta, au alimchagua rafiki huyo kwa sababu wote wawili tayari wanavuta? Ukitazama picha ya siku moja huwezi kujua. Inabidi kuwafuata vijana na urafiki wao kwa muda, na kutumia modeli inayoacha urafiki na tabia vibadilike kwa pamoja. Tom Snijders na wenzake walitengeneza modeli za aina hiyo na programu ya SIENA, kazi iliyokulia Groningen, Uholanzi, na baadaye Oxford.

Jambo hili si la darasani tu. Mwaka 2007 Nicholas Christakis na James Fowler walichapisha utafiti wa watu 12,067 waliofuatiliwa kwa miaka 32, wakadai kwamba unene huenea kupitia mahusiano: rafiki akinenepa, uwezekano wa mtu kunenepa ulipanda kwa asilimia 57. Dunia nzima iliusoma. Wanatakwimu nao wakaja juu, na mwaka 2011 Cosma Shalizi na Andrew Thomas wakaonyesha kwamba kwa data za kuangalia tu, bila majaribio, ni vigumu mno kutenganisha kuambukizana na kule kufanana kunakowaleta watu pamoja. Ukisoma mabishano hayo na moyo ukakudunda, wewe ni mtu wa swali la pili: tafuta mahali penye takwimu za kina. Ukiyaona ya kuchosha, lakini hadithi ya Newton ikakuacha na maswali kuhusu kazi, vyeo na nafasi za watu, wewe ni wa swali la kwanza, na utafurahi zaidi kwenye sosholojia ya uchumi au shule ya biashara.

Kuna aina ya tatu ya mwanafunzi, ambaye mimi huona anasahauliwa: yule anayetaka kuelewa mahusiano yana maana gani kwa wenyewe wanaoishi ndani yake. Huyo ana ukoo mrefu. Mwaka 1969 Clyde Mitchell alihariri kitabu cha tafiti za mitandao katika miji ya Afrika ya Kati, kilichotokana na kazi za watu wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone katika nchi ambayo leo ni Zambia. Ndani yake Bruce Kapferer alichambua ugomvi wa wafanyakazi wawili katika mgodi wa Broken Hill, yaani Kabwe ya leo, mmoja akimlaumu mwenzake kwa kufanya kazi haraka mno. Kapferer hakuishia kuuliza nani ana haki. Alifuatilia kila mfanyakazi ameungana na nani, kwa nyuzi ngapi, na akaonyesha kwamba kuungwa mkono kulifuata nyuzi hizo. A. L. Epstein naye aliufuata umbea ulivyosafiri Ndola. Barnes mwenyewe, kabla ya kwenda Norway, alikuwa amefanya utafiti kati ya Wangoni wa Zambia. Sehemu kubwa ya nadharia hii basi ilipikwa kwenye miji ya migodi ya Kusini mwa Afrika, ingawa silabasi nyingi huanzia Harvard kana kwamba hapakuwa na jana.

Mahali, kwa kufuata swali

Urithi huo wa Mitchell una kituo chenye jina lake: Mitchell Centre katika Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza. Kwa mtu anayetaka kuchanganya mahojiano na hesabu, au kusoma mitandao ya muziki, siasa na harakati, ni miongoni mwa sehemu za kwanza kuziangalia. Nick Crossley amefanya kazi hapo, na vilevile Martin Everett, mmoja wa watunzi wa UCINET, programu ya kuchambua mitandao, ambaye ni mwanahisabati. Vichwa vya namna hizo mbili kukaa kwenye korido moja ni jambo adimu.

Wenzake wawili wa Everett katika kuitunga UCINET walikuwa Freeman, aliyekuwa Chuo Kikuu cha California kule Irvine, na Borgatti, wa Chuo Kikuu cha Kentucky. Kentucky haina jina la kutisha kwenye orodha za ubora wa vyuo, na hapo ndipo orodha hizo zinapodanganya. Kituo chake cha LINKS, ndani ya shule ya biashara, kimekuwa kwa miaka mingi mojawapo ya ngome kubwa za mitandao katika taasisi na makampuni, na warsha zake huvuta watu kutoka kila upande. Anayetaka kujua kwa nini ushauri unapita huku na si kule ndani ya kampuni angepoteza fursa akiiruka Kentucky kwa sababu tu jirani hajaisikia. Chuo Kikuu cha Chicago, ambako Burt alifundisha kwa muda mrefu, kiko kwenye mkondo huohuo, na John Padgett wa Chicago ndiye aliyeandika na Christopher Ansell, mwaka 1993, uchambuzi maarufu wa jinsi ukoo wa Medici ulivyojipatia nguvu katika mji wa Florence, Italia, kwa kukaa kati ya koo zisizoelewana.

Kwa sosholojia ya Marekani, Duke ina kituo cha uchambuzi wa mitandao kilichojengwa na James Moody. Stanford ni alikokuwa Granovetter, na kwenye uchumi ni nyumbani kwa Matthew Jackson, ambaye kitabu chake cha 2008 ndicho wachumi wengi huanzia. Columbia ni alikohamia White mwaka 1988 na alikofanya kazi Bearman. Indiana ni imara kwa mitandao na afya, hasa afya ya akili, kupitia kazi ya Bernice Pescosolido na wenzake. Irvine bado ina Carter Butts, mmoja wa waliojenga statnet, vifurushi vya kuchambua mitandao vinavyotumika katika R, lugha ya kompyuta ya takwimu.

Kwa ladha yangu, Ulaya bara ndiko penye uteuzi mzuri zaidi kwa anayetaka swali la pili. Groningen na Utrecht zimeunganishwa na shule ya pamoja ya utafiti, ICS, iliyoanzishwa mwaka 1986, yenye desturi ya kudai nadharia iliyo wazi na vipimo vinavyoweza kuikanusha. Zürich, katika ETH, kuna maabara ya mitandao ya kijamii inayoongozwa na Christoph Stadtfeld. Lugano, katika Chuo Kikuu cha Uswisi ya Kiitaliano, Alessandro Lomi amejenga kundi la watu wa modeli za takwimu za mitandao. Linköping, Sweden, ina taasisi ya sosholojia ya uchambuzi. Ljubljana, Slovenia, ndiko ilikotoka programu ya Pajek; neno hilo kwa Kislovenia maana yake buibui, na mwenye Kiswahili chake hapa anaruhusiwa kutabasamu. Mbali kabisa na Ulaya, Melbourne ilikuwa kiota cha ERGM, modeli za takwimu zinazoeleza umbo la mtandao limetokeaje, kupitia Garry Robins, Pip Pattison na wenzao.

Anayetaka shahada yenye neno "mitandao" kwenye cheti ana sehemu chache. Northeastern, mjini Boston, ina uzamivu wa sayansi ya mitandao, na ndiko walipo Barabási na David Lazer. Chuo Kikuu cha Ulaya ya Kati, kilichofukuzwa na siasa za Hungary kutoka Budapest hadi Vienna, nacho kina uzamivu wa jina hilo. Vermont ina shahada za mifumo changamani. Sehemu hizi humpokea mwanafizikia, mwanasosholojia na mtu wa kompyuta kwa pamoja, na hiyo ndiyo raha yake. Shida ni kwamba mwenye usuli wa sayansi za jamii atalazimika kukimbia mwaka wa kwanza ili awafikie wenzake kwenye hesabu, na mwenye usuli wa fizikia anaweza kumaliza bila mtu yeyote kumlazimisha ajue Barnes ni nani.

Carnegie Mellon, kwa Carley, na Northwestern, kwa Noshir Contractor upande wa mawasiliano, ziko katikati ya kompyuta na nadharia ya taasisi. Afya ya jamii ina Thomas Valente huko University of Southern California, ambaye amefanya kazi nyingi kuhusu jinsi mambo mapya yanavyoenea na jinsi ya kuutumia mtandao kuyaeneza. Christakis yuko Yale.

Majina haya yote yasomwe kwa tahadhari. Wahadhiri huhama, hustaafu, hufariki. Harvard ya miaka ya 1970 ilikuwa moyo wa taaluma hii. White alipoondoka, moyo ukahama na watu. Freeman alifariki mwaka 2018, White mwaka 2024. Chuo kinachotegemea mtu mmoja ni nyumba yenye nguzo moja. Ndiyo maana kigezo changu cha kwanza ni cha kuhesabu vidole: je, kuna angalau wahadhiri wawili, wenye miaka kadhaa mbele yao kabla ya kustaafu, wanaochapisha kuhusu mitandao sasa? Akiwa mmoja tu, lazima kuwe na sababu nzito ya kwenda.

Namna ya kupekua

Orodha ya hapo juu ni ya kuanzia. Njia ya kupata nyingine ni kusoma makala kwa kuanzia mwisho. Chukua makala tano zilizokusisimua kweli, zilizochapishwa miaka ya karibuni katika Social Networks au Network Science, na uangalie mambo ambayo wasomaji huruka: waandishi wako chuo gani, shukrani zimekwenda kwa nani, fedha zilitoka wapi. Shukrani zina siri nyingi. Hapo ndipo unapoona kundi la watu wanaosomeana rasimu, na mara nyingi kundi hilo halionekani kwenye tovuti ya chuo chochote. Kisha fungua ratiba za mkutano wa Sunbelt, ambao INSNA huufanya kila mwaka, na uone ni vyuo vipi vinapeleka wanafunzi wengi, maana wahadhiri husafiri hata wakiwa peke yao, lakini wanafunzi hawaendi bila programu kuwalipia.

Halafu angalia masomo yanayofundishwa. Kozi moja ya utangulizi haitoshi kuipa programu sifa. Karibu kila chuo kikubwa kina moja. Tafuta mfululizo: utangulizi, kisha modeli za takwimu, kisha semina ya nadharia. Angalia kama zilifundishwa kweli miaka miwili iliyopita, kwa sababu vitabu vya mwongozo vya vyuo vimejaa kozi zilizolala usingizi wa pono. Angalia pia waliohitimu uzamivu miaka mitano iliyopita wako wapi leo. Programu isiyotaka kukuambia hilo imeshakuambia.

Mifumo ya nchi nayo inatofautiana kuliko watu wanavyodhani. Marekani, uzamivu huchukua miaka mitano au zaidi, mwanafunzi anaweza kuingia bila uzamili, miaka ya kwanza ni ya masomo, na programu nzuri husamehe ada na kulipa posho kwa kazi ya kufundisha au utafiti. Unaomba idara, na kwa kawaida dirisha hufungwa kati ya Desemba na katikati ya Januari. Uingereza ni miaka mitatu hadi minne, unaingia ukiwa na uzamili na pendekezo la utafiti mkononi, na kukubaliwa ni jambo moja, kufadhiliwa ni jingine kabisa. Uholanzi, Sweden na Uswisi mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa mwenye mshahara, na nafasi hutangazwa kama kazi: tangazo linataja mradi, msimamizi na tarehe. Huko hakuna msimu mmoja wa kuomba. Anayesubiri Desemba atakuta nafasi ya Aprili imekwenda.

Kwa uzamili, sema na mfuko wako mapema. Uzamili wa mwaka mmoja wa kulipia ni mchezo wa gharama, na kwa anayelenga uzamivu, uzamili wa utafiti wa miaka miwili wa aina wanayotoa Groningen na Utrecht humwandaa vizuri zaidi. Kama shida yako ni ujuzi tu, warsha za LINKS, shule za kiangazi za mbinu za utafiti za Essex na Michigan, na warsha zinazotangulia Sunbelt zinaweza kukupa kwa wiki moja au mbili kile ulichotaka kukinunua kwa mwaka.

Kuhusu maandalizi: aljebra ya matriki, nadharia ya uwezekano, na uwezo wa kuandika msimbo katika R au Python. Si lazima uwe bingwa. Lakini mtandao kwenye karatasi ni matriki, yaani jedwali la namba, na asiyeijua matriki atasoma nusu ya kila makala.

Barua

Kabla ya kuomba, wengi huwaandikia wahadhiri. Ni desturi nzuri Ulaya. Marekani idara nyingine huipenda, nyingine haziijali. Barua inayosema "ninavutiwa sana na mitandao ya kijamii na ningependa kufanya kazi chini ya uongozi wako" huishia pale ilipoangukia. Linganisha na hii: "Nataka kujua kama mashine mpya ikiletwa wodini, wauguzi huacha kumwendea mwenzao mkongwe kwa ushauri na kuanza kumwendea aliyefundishwa mashine hiyo, au kama humwendea mkongwe hata kwa jambo asilolijua. Makala yako ilionyesha kwamba cheo hushinda ujuzi, lakini ilipima mara moja tu." Ya pili ina swali, ina viungo vinavyopimika, ina muda ndani yake, na inaonyesha kwamba mwandishi amesoma. Aya mbili zinatosha. Mhadhiri asiyejibu baada ya wiki tatu aandikiwe mara moja zaidi, basi.

Barua yenye manufaa kuliko zote, hata hivyo, ni ile ya kwa wanafunzi walioko ndani. Usiwaulize kama programu ni nzuri. Watasema ni nzuri. Waulize ni mara ngapi hukutana na msimamizi, na nani alilipa safari yao ya mwisho ya mkutano. Kisha waulize: modeli yako ikikataa kukubali data na umekwama wiki nzima, unamwendea nani? Akitaja msimamizi peke yake, jua nguzo ni moja. Akitaja watu watatu wa ghorofa moja, songa mbele. Na akitaja mtu wa chuo kingine, liandike jina hilo pembeni, maana huenda ndiye uliyepaswa kumwandikia tangu mwanzo.